Wiki moja Unguja na Pemba kwa gari: nipangeje safari ya watu sita?

Msafiri_Moro

Habari zenu wakuu. Mwezi wa nane tunakuja visiwani: watu wazima wanne, mmojawapo mama yetu wa miaka 68, na watoto wawili. Tuna siku saba. Wazo letu ni kuvusha Noah yetu kutoka Dar kwa meli ya magari, tulale Mji Mkongwe, Kizimkazi, Paje, Michamvi, Kiwengwa na Nungwi, kila usiku mahali papya, tumalizie na Pemba. Ramani inaonyesha umbali mdogo, Mjini hadi Nungwi kama kilomita 60 tu. Inawezekana? Na gari, tuje nalo au tukodi huko?

Mlango_wa_Ghuba

Karibuni sana. Mpango huo utawachosha, hasa mama. Kufungasha mizigo ya watu sita kila asubuhi kunakula muda kuliko barabara yenyewe. Chagueni vituo vitatu basi.

Halafu jihadhari na Michamvi. Ukiwa upande wa ghuba unaona Chwaka ng'ambo, unadhani Kiwengwa ni hapo tu. Hakuna daraja wala kivuko cha magari. Itabidi urudi Paje, upite Jozani ukielekea mjini, ndipo ushike barabara ya Dunga hadi Chwaka, kisha Uroa, Pongwe, Kiwengwa. Ni saa mbili na zaidi ukiwa na watoto, maana vijijini mwendo mwisho ni 50, matuta mengi na trafiki wapo.

Kubwa zaidi, pangeni safari kwa maji, kilomita ziwe baadaye. Pwani ya mashariki bahari hujaa na kutoka kwa karibu mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa. Siku hizo maji hutoka kabisa kwenye saa nne, saa tano asubuhi, na kujaa saa kumi alasiri. Familia ikifika Paje au Jambiani saa nne ikitaka kuogelea itakuta mchanga, majani na vigingi vya mwani hadi karibu na mwamba. Ni wakati mzuri wa kutembea na kuwaona kinamama wa mwani wakifunga kamba, ila watoto wavae viatu vya mpira, urumba, wale viumbe wa miiba, ni wengi. Siku za maji mafu, yaani maji madogo, saa hugeuka: maji hujaa asubuhi, na hayatoki mbali sana. Nungwi na Kendwa unaogelea karibu saa zote, kwa hiyo kule wekeni siku ambazo mashariki maji yanatoka mchana.

Spana_17

Kuhusu gari: liacheni Dar. Kwa siku saba, nauli ya kulivusha kwenda na kurudi pamoja na muda wa bandarini haviwalipi. Njooni kwa boti ya abiria, kama saa mbili hivi, mkodi hapa.

Mkikodi, msiangalie rangi. Fungueni buti: stepni ina upepo? Jeki na spana ya tairi zipo, na spana inaingia kwenye nati za gari hilo? Pembetatu, mtungi wa kuzimia moto, stika ya bima. Pitisheni mkono ubavuni mwa tairi, upande wa ndani pia. Vichochoro vya kwenda ufukweni vina mawe ya matumbawe, yanachana ubavu, na ubavu ukichanika pancha haizibiki. Ndiyo maana stepni ni jambo la kwanza.

Kwenye mchanga mlaini msikanyage mafuta, gurudumu litajichimbia. Punguzeni upepo hadi psi 18 au 20, tokeni polepole kwa gia ndogo, mkifika lami jazeni tena kabla ya kushika mwendo. Na msiegeshe kwenye mchanga uliolowa, maji yakirudi hayakusubiri.

Karafuu_Wete

Pemba isiwekwe mwisho! Mwezi wa nane ni msimu wa upepo wa kusi, mkondo unachafuka, na boti ikiahirishwa siku ya mwisho mmekwama na tiketi ya Dar inapotea. Msidhani pia kuna boti kila siku. Pateni kwanza ratiba ya Pemba, kisha mengine yapangeni kuizunguka. Mama akae sehemu ya chini, katikati kuelekea nyuma, na dawa ya kichefuchefu anywe kabla ya kupanda.

Pemba pia inataka siku tatu au muiache. Mnashukia Mkoani, mkodi gari, mlale Chake Chake. Siku moja Kidike kuwatazama popo wa Pemba, na magofu ya Pujini. Siku nyingine kaskazini: jazeni mafuta Chake au Wete, piteni Konde, msitu wa Ngezi, hadi ufukwe wa Vumawimbi. Ndani ya msitu njia ni ya udongo, na mvua ikinyesha gari la chini linagusa. Mkikuta karafuu zimeanikwa kwenye mikeka kando ya lami, pungueni mwendo na msipande mkeka: hiyo ni kazi ya familia nzima ya kuchuma na kuchambua.

Msafiri_Moro

Ahsanteni sana. Basi tukifika tu tunavuka Pemba usiku tatu, kisha Nungwi mbili, Mjini moja karibu na bandari. Michamvi na Kiwengwa tumezifuta. Bamvua nitaijuaje nikiwa Morogoro?

Mlango_wa_Ghuba

Hesabu mwezi wa Kiislamu. Bamvua ni kuanzia mwandamo hadi tarehe 4 hivi, na tena 14 hadi 18. Maji mafu ni 7 hadi 10, na 22 hadi 25. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Kizimkazi mnaweza kwenda kutoka Mjini na kurudi siku hiyo hiyo mkiongeza usiku mmoja. Msikiti wa Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria, nendeni nje ya saa za sala, mama na dada wajifunike vizuri. Pomboo wakiwepo, mwambieni nahodha asiwakimbize.