Hadidiski ya laptopu inagonga ta-ta-ta, naombeni ushauri kabla haijafa

Kijana_wa_Kitangari:
Habari zenu wakuu. Nipo huku Newala. Nina laptopu HP ya kitambo, hadidiski yake ni ile ya kuzunguka, GB 500. Tangu juzi inagonga ta-ta-ta, inanyamaza, inaanza tena. Unaiwasha, unaenda kuchota maji, unarudi bado inazungusha viduara. Nimeshaagiza SSD, diski mpya isiyozunguka, ya GB 240 Kariakoo, ipo kwenye basi inakuja. Swali langu ni moja tu: nihamishe vipi Windows na data zangu bila kupoteza kitu? Msinitume kwa fundi, kuna mmoja hapa tumeshaongea.

Mchuuzi_wa_Ming'oko:
Kosa lako ni HP. Mimi nina Toshiba niliyoachiwa na shemeji yangu akienda Msumbiji, imeanguka kwenye bodaboda, imenyeshewa Masasi, inapiga kazi mpaka leo. Kibodi tu ndiyo haina herufi M. Nikitaka kuandika Mtwara naikopi kutoka sehemu nyingine.

Bwana_Sekta:
Kijana, izime sasa hivi. Huo mlio ni kichwa cha kusomea kinatafuta data, kinakosa, kinarudi kilikotoka, kinajaribu tena. Kila dakika inavyowaka unazidi kuiumiza. Na usithubutu kuendesha chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua diski, itaichosha na inaweza kuvuruga hata mafaili yaliyokuwa salama.
Halafu tuambie: data gani, na nakala nyingine iko wapi?

Kijana_wa_Kitangari:
Ahsante mkuu. Data za kawaida tu, mafaili ya Excel na barua. Nakala sina. Kuzima siwezi kwa sasa, kuna kitu namalizia.

Dada_Mikindani:
"Nakala sina" 🤦🏾‍♀️ Mdogo wangu, flashi inauzwa kila duka la simu. Hela ya kubeti mnayo, ya flashi hamna. Mimi tasnifu yangu nilikuwa naitunza kwenye flashi, kwenye barua pepe, na kwa dada yangu Lindi. Watu walinicheka. Siku laptopu ilipoibwa hawakucheka tena.

Fundi_Redio:
Iweke kwenye mfuko wa plastiki, ingiza kwenye friza usiku kucha. Asubuhi inasoma vizuri kabisa. Nimefanya hii sana enzi zangu.

Bwana_Sekta:
Mzee wangu, heshima yako, lakini hapana. Ikitoka kwenye friza na joto letu hili inatoa jasho kwa ndani, unyevu unakaa juu ya sahani zile zinazozunguka, kichwa kikipita kinakwangua. Hapo hata maabara za kurejesha data hazikusaidii.
Kijana, hicho "kitu namalizia" ni kitu gani? Na laptopu ni yako?

Mchuuzi_wa_Ming'oko:
Swali zuri. Amenyamaza.

Kijana_wa_Kitangari:
Sijanyamaza, umeme ulikatika.
Basi, niseme. Laptopu ni ya chama cha msingi cha wakulima wa korosho, mimi ndiye karani. Humo kuna orodha ya wakulima, kilo walizoleta na akaunti zao za benki. Mnada umepita, hela inasubiri orodha. Mwenyekiti sijamwambia kwa sababu najua atapiga kelele kabla hajaelewa. SSD nimenunua kwa hela yangu mwenyewe, sasa hapo kosa liko wapi? Fundi amesema nimwachie usiku mmoja, laki na nusu, asubuhi nakuta kila kitu kipo. Nusu nimeshampa.

Dada_Mikindani:
Weeee! Kwa hiyo "data zangu" ni akaunti za watu wazima waliopalilia mikorosho mwaka mzima?

Babu_Mkoroshoni:
Vijana mnazungumza kompyuta, mimi nawaambia jina. Mwaka 2018 Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa 3,300 kilo na wanajeshi wakaja kubeba, ukawa uhakiki kwanza. Jina langu kwenye orodha lilikosewa herufi moja. Moja! Nilizungushwa, njoo kesho, nenda kijijini, leta barua ya mtendaji. Mke wangu alikuwa ameshakopa sare za watoto dukani. Karani aliyekosea alikuwa na kalamu tu. Huyu ana mashine inayogonga.

Mtoto_wa_Mnazi_Bay:
Babu umenikumbusha mbali. Mzee wetu ile hela ilipoingia alinunua pikipiki, hajui kuendesha mpaka leo.

Wakili_wa_Kibarazani:
Jamani, mnampa mtu huyu ushauri wa nini? Hii ni chai, tena ya maziwa. Hadidiski za vyama zina adabu ya ajabu: zinakufa baada ya mnada na kabla ya mkaguzi. Huyu anajitengenezea ushahidi. Kesho ataonyesha uzi huu: "Nilihangaika hadi mtandaoni." Orodha itapotea na mpya itazaliwa na majina ya wajomba zake.

Mchuuzi_wa_Ming'oko:
Mimi nilidhani ni tangazo. Subirini, atatokea mtu hapa anauza SSD.

Kijana_wa_Kitangari:
Ningetaka kuiba ningekaa kimya, nisingekuja kutukanwa na watu nisiowajua. Na huyo fundi ni mtu wa msikitini, tunasali safu moja.

Wakili_wa_Kibarazani:
Safu moja na nenosiri moja. Tupia picha ya CrystalDiskInfo, ile programu ya kupima afya ya diski, tuone, maneno hayana sekta mbovu.

Kijana_wa_Kitangari:
[picha] Haya. Rangi ya njano, imeandika Caution.

Bwana_Sekta:
Nimeiona. Mstari wa 05 ni sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizokufa na kuhamishiwa akiba, C5 ni zile zilizoshindwa kusomeka zinasubiri hukumu. Zote mbili si sifuri. Kama ni chai, basi kaipika kwa kuni kweli.

Fundi umwache. Si lazima awe mwizi, ila ukimwachia usiku kucha hujui atanakili nini wala kwenda wapi. Kingine, kuhamisha Windows kama ilivyo sahau. Kunakili sekta kwa sekta kunachukua hadi nafasi tupu, na GB 500 haiingii kwenye GB 240.

Kijana_wa_Kitangari:
Lakini data zangu hazifiki hata GB 60, SSD inatosha kabisa.

Bwana_Sekta:
Inatosha kwa mafaili, haitoshi kwa nakala ya diski nzima. Tofautisha. Leo okoa folda la wakulima tu. Tumia kompyuta nyingine, tengeneza flashi ya kuwashia ya Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kwa programu ya Rufus. Ichomeke kwenye HP, washa, bonyeza Esc halafu F9, chagua flashi. Windows haiamki kabisa, diski inapumua. Fungua folda la wakulima kwanza, peleka kwenye flashi ya pili. Muziki na filamu achana nazo. Faili likigoma, ruka, usiling'ang'anie.
Baada ya hapo, ukipata eksteno kubwa, yaani diski ya nje, tumia ddrescue, programu ya kuokoa data: inasoma kwanza sehemu zilizo salama, mbovu inazirudia mwishoni. Lile faili lake la ramani liweke kwenye hiyo eksteno. Umeme ukikatika unaendelea ulipoishia. SSD utaiwekea Windows upya. Kama ni Windows 10 yenye leseni ya kidijitali, leseni imeshikamana na ubao mama, ukiingia intaneti inajitambua.
Na mwambie mwenyekiti kabla hujagusa bisibisi.

Kijana_wa_Kitangari:
Mrejesho. Nimekaa na mhasibu wa chama pembeni, mwenyekiti nitamwambia baadaye. Folda limetoka, ila faili la kijiji kimoja limegoma. Risiti za karatasi za kijiji hicho zipo, tunaziingiza upya. Fundi kagoma kurudisha nusu yangu, anasema alishajiandaa.

Babu_Mkoroshoni:
Herufi, mwanangu. Angalia herufi.

Wakili_wa_Kibarazani:
Nitaamini wakulima wakishalipwa.

Mchuuzi_wa_Ming'oko:
Hiyo hadidiski ya zamani unaiuza? Nataka kuwekea filamu.

Bwana_Sekta:
Haiuzwi! Ina akaunti za watu humo. Ifungiwe ofisini mpaka malipo yaishe, halafu itobolewe kwa drili mbele ya kamati.

Mchuuzi_wa_Ming'oko:
Drili anayo yule fundi.