Vijana wa sudire wanasema klimati haiwahusu, niwafundishe namna gani?

mwalimu_sudire, Bukavu
Jambo yenu wote. Miye nafundisha sudire kwenye santre moja ya ufundi hapa Kadutu. Vijana wangu wengi ni wale waliacha masomo juu minervali ilikosekana, saa hii wanajifunza kutengeneza milango, madirisha ya chuma na mbabula. Tumeambiwa tuwape pia somo ya mabadiliko ya klimati, na karatasi zenye tunazo zinaongea barafu inayeyuka, bahari inapanda, moshi ya viwanda. Wananiangalia tu. Mmoja akaniuliza, na aliuliza kwa heshima kabisa, "mwalimu, barafu ni ya wapi na sisi tuko Kadutu, na viwanda hapa viko wapi?" Ana haki ya kuuliza. Sitaki wakariri maneno juu ya egzame kisha wasahau, nataka mtu akiwa fundi kazi yake ya mikono ibadilike. Nyiye wenye munafundisha masoni, menizeri, kushona, munafanyaka namna gani?

mama_masoni, Bukavu
Mwalimu, achana kwanza na barafu, anzia kwenye bati. Mvua ikinyesha watoe inje ya atelie, waangalie pale maji ya paa inaangukia chini, wataona mstari umechimbika kando ya ukuta, mawe ya msingi imebaki uchi. Sasa wafanye hesabu. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba, bati ya mita 6 kwa 8 ikipata mvua ya milimita 50 inamwaga lita 2400, ni bido 120 za lita 20, na zote zinaenda kwa jirani wa chini juu hapa kwetu nyumba zinapandana kwenye mlima. Halafu ndiyo unaingiza klimati: kila digrii moja ya joto yenye inaongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke kama asilimia 7 zaidi, kwa hiyo mvua kubwa inakuwa kubwa zaidi. Miye vijana wangu wa masoni sasa hawajengi ukuta wa kushikilia udongo bila kuacha matundu ya maji na kokoto nyuma yake, ukuta wenye hauna matundu maji inausukuma mpaka unaanguka. Na wewe una wasudire, gutieri, ule mfereji wa kukamata maji ya paa, inatengenezwa na nani?

kijana_menizeri, Goma
Jambo mwalimu. Niseme vile sisi vijana tunasikia, musikasirike. Watu wanakujaka kutuambia musikate miti, wanapanda gari wanaenda, na nyumbani mama anapika na makala juu hakuna kingine, na hapa Goma kila mutu anajua makala mingi inatoka kwenye pori ya Virunga. Inakuwa kama sisi ndio tuliharibu dunia wakati nchi zenye viwanda ndizo zimechoma mafuta na makaa ya mawe miaka na miaka. Waambieni vijana hiyo ukweli kwanza, watawasikiliza. Kisha waonyeshe kilo 100 za kuni kavu kwenye tanuri ya udongo ya porini zinatoa kilo kama 10 mpaka 20 tu za makala, zingine zote zimeenda moshi. Hapo mutu anaelewa mbabula nzuri ni ya nini. Ile ya bati tupu joto inatokea kwa ubavu, tia udongo wa kuchoma ndani na majivu kati ya udongo na bati, makala inadumu. Hiyo ni kazi ya wasudire wako.

baba_neema
Mwalimu waonyeshe tu picha za Nyamukubi, kule mafuriko ilibeba watu. Klimati ndiyo iliua watu wale, basi, nani tena atabisha?

shamba_na_mvua, Kabare
Ndugu baba Neema, hapo twende polepole. Ile siku ya tarehe 4 mei 2023, alhamisi, siku ya soko, Nyamukubi na Bushushu kule Kalehe zilipoteza watu zaidi ya 400, hakuna mutu hapa amesahau. Lakini wanasayansi wa World Weather Attribution walijaribu kupima kama klimati ndiyo iliongeza ile mvua, wakashindwa kusema ndiyo wala hapana, juu vituo vya kupima mvua huku kwetu ni vichache mno. Milima yenye haina miti na nyumba zenye zilijengwa kando ya mito vilikuwa pale pia. Kijana ukimwambia kitu chenye hakijahakikishwa, siku atajua ataacha kukuamini na kwa yale yenye ni kweli. Miye naona bora wapime wenyewe. Mwalimu, mkebe wenye kuta zimenyooka, juu na chini upana sawasawa, usimame kwenye chuma mbali na paa na miti, kila asubuhi saa moja mutu mmoja anaingiza rula, anaandika milimita kwenye daftari, anamwaga. Wasudire watautengeneza kabla ya saa sita. Mwaka ukiisha santre yako itakuwa na namba zenye hata wale wanasayansi walikosa.

mwalimu_sudire, Bukavu
Aksanti sana, kweli aksanti. Mkebe tutauanza wiki hii, na gutieri ya paa yetu wenyewe tutaitengeneza na tole ya mapipa ya zamani. Mama masoni, hatuna mashine ya kukunja. Na mteremko unaacha kiasi gani?

mama_masoni, Bukavu
Shika tole katikati ya kornieri mbili kwenye etau, piga na nyundo ya mbao polepole kuanzia ncha moja, usipige na ya chuma itafanya mawimbi. Mteremko, kila mita 2 ishuke sentimita 1. Na mapipa, mwalimu, nakuomba, jaza maji kwanza na uyaoshe vizuri mbele ya kukata na moto, mafuta yenye ilibaki ndani inalipukaka.