Jakaranda ya bibi (kikundi cha familia)

Neema: Shikamooni wote. Jakaranda ya bibi pale getini imeota kichaka shinani, angalieni picha. Jumamosi ya juzi Kelvin kafyeka na panga, leo yamerudi mengi kuliko mwanzo 😩

Kelvin: mi nshasema tupulizie dawa ya magugu mambo yaishe

Baba Mdogo: Marahaba. Kelvin rudisha hiyo dawa stoo!! Hayo ni maotea, yametoka kwenye mti wenyewe, ukipulizia majani dawa inashuka hadi kwenye mizizi, utaua jakaranda ya mama

Kelvin: na oili chafu?

Shangazi Anna: 😂😂 huyu mtoto lazima amwage kitu

Baba Mdogo: Oili ndo usithubutu. Sikiliza, panga linakata juu linaacha visiki, na kila kisiki kina macho ya kuchipulia ndo maana ukikata moja yanatoka manne. Fukua udongo taratibu mpaka uone lilipotokea. Lile changa la urefu wa kidole livunje kwa mkono linatoka na macho yake, lililokomaa chukua mkasi wa kupogolea ukate sambamba na shina, usichubue gome. Halafu unapita kila wiki mbili hivi, usisubiri liwe fimbo

Shangazi Anna: kama kahawa tu

Baba Mdogo: Eeh ila kahawa tunabakiza machache mazuri yaje kurithi shina la zamani, hapa habaki hata moja. Tena mti hauoti hivyo bila sababu. Mwaka jana si ulikatwa kichwa sababu ya nyaya za umeme? Ukipoteza majani mengi kwa mpigo unatafuta pengine pa kuchipulia. Na hicho kifusi kwenye picha kilichorundikwa shinani nani kaweka?

Neema: 👀 Kelvin

Kelvin: ni kile cha choo, nilikuwa nakihamisha kidogokidogo

Baba Mdogo: Kihamishe chote leo

Mama Neema: Hapohapo shemeji, waridi langu jekundu nililonunua mjini limeanza kutoa maua meupe madogo madogo vishada vishada, nikajua muuzaji kanipiga

Baba Mdogo: Hajakupiga, limebebeshwa hilo, yaani waridi lako limeunganishwa juu ya mche wa waridi jingine. Tafuta kovu la kubebeshea karibu na udongo, tawi lolote linalotoka chini ya kovu si waridi lako, ni la mche wa chini. Usihesabu majani kama watu wanavyosema, yanadanganya, wewe lifuate tawi hadi linapoanzia ulinyofoe palepale. Ukiliacha litamshinda nguvu mwenzake na wekundu hutauona tena

Mama Neema: Mungu wangu na nimeshamsema yule kaka jumuiya nzima 🙈

Shangazi Anna: kesho ukanunue jingine kwake umpoze

Kelvin: nimemaliza kifusi na maotea. kuna kamoja kako mbali kabisa ukutani, nako ni otea?

Baba Mdogo: Kavute polepole. Kakiwa kameshikana na mzizi mnene ni otea, kakija na kamzizi kake kenyewe kameota kwa mbegu

Kelvin: kamekuja na kamzizi kake. bibi kanipokonya, anasema anaenda kukapanda kanisani

Baba Mdogo: Mwambieni asikapande chini ya nyaya