Tupeane uzoefu: daktari wa wilayani, ukasomee nini?

Mkunazini: Madokta wa Tandahimba, Newala, Liwale, salaam. Aliyemaliza intanshipu na kupangiwa kituo cha afya chenye thieta, usiku yuko yeye na muuguzi wa usingizi (wa dawa za nusukaputi na ganzi) tu, akasomee nini?

Dokta Korosho: Usingizi. Upasuaji na akina mama wanagombaniwa, usingizi watu wanaukimbia.

Mama Wodi: Kabla ya fani, barua! Miezi 12 ya majaribio iishe, uthibitishwe kazini, uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Watu hupata nafasi chuoni halafu ruhusa haitoki.

Msimbati: Nakazia.

Fundi Nyuzi: Upasuaji una njia mbili. MMed, yaani shahada ya udaktari bingwa, chuoni, Muhimbili, KCMC au Bugando, uache kituo. Au COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini: unafundishwa ukiwa kazini, miaka 5 hadi ufelo, yaani ubingwa, ila hospitali iwe imeidhinishwa. Ulizia hilo kabla ya kulipa ada.

Dokta Korosho: Usingizi una usiku wake lakini. Mama wa kupasuliwa, bupivakeini nzito, dawa ya ganzi, mililita 2 hadi 2.2 mgongoni. Akisema vidole vya mikono vinakufa ganzi na sauti inakuwa ya kunong'ona, dawa imepanda. Presha inaporomoka, mapigo yanafuata, pumzi inakatika. Oksijeni hapo hapo, nyonga ya kulia inyanyuliwe kwa khanga iliyokunjwa ili mfuko wa uzazi usikandamize mshipa mkubwa, efedrini ya kupandisha presha miligramu 5 hadi 10. Iwe imeshazimuliwa kwenye bomba la sindano kabla hujachoma mgongo, si uanze kutafuta ampuli kabatini. Ambu (mfuko wa kumpulizia mgonjwa pumzi) na mask mezani.

Chipukizi: Si unashusha kichwa tu, damu irudi?

Dokta Korosho: Mdogo wangu, utaua! Dawa ni nzito kuliko maji ya uti wa mgongo. Ukishusha kichwa mapema inateremkia huko huko. Nyanyua miguu.

Chipukizi: Mbona wazee wanashusha?

Fundi Nyuzi: Zikishapita dakika 20 dawa imeshashika, ndiyo maana wanaponea. Usiige.

Mama Wodi: Mwenye uzi kauliza masomo, nyie mmeingia thieta.

Mkunazini: Waache, ndiyo nilichokuwa natafuta. Na posho ya on-call?

Msimbati: Hiyo fungua uzi wake, huu utafungwa.