Naomba ushauri: kushusha volti 12 hadi 5 kwa gharama ndogo

Habari zenu wakuu. Nina betri ya volti 12, nataka nipate volti 5 za kuchaji simu na kuwasha redio ndogo, jumla kama ampea 1.5. Nilianza na 7805, ile IC (chipu) ya kushusha volti inayogeuza volti za ziada kuwa joto. Jamani, kile kidude ni jiko! Kwa ampea 1 tu inateketeza wati 7 kama joto, na hitisinki yangu (kipande cha chuma cha kupoozea) ilikuwa haishikiki kwa moto.

Nikahamia LM2596, IC inayoshusha volti kwa kuwasha na kuzima umeme haraka haraka. Dayodi ya Schottky (ya mwendo wa haraka) inayotakiwa sikuwa nayo, nikalehemu 1N4007, dayodi ya kawaida niliyoing'oa kwenye chaja mbovu. Ikachemka hadi ikanuka. Baadaye ndipo nikajua ni ya polepole mno kwa swichi inayopiga kilohezi 150. Sasa naweka 1N5822, ambayo ni Schottky.

Kinachonitatiza ni koili. Naweza kusokota mwenyewe kwenye ile ringi ya njano na nyeupe ya pawasaplai ya kompyuta, na mizunguko mingapi inanipa mikrohenri 47? Halafu kapasita ya kutokea, mikrofaradi 220 ya kawaida inatosha au lazima iwe ya ESR (ukinzani wa ndani) ndogo? Au niache ubishi ninunue moduli iliyokwisha kuungwa? Hofu yangu ni IC feki tu.