Naomba ushauri: watoto wawili kutoka Rutshuru, Kongo, wako nyumbani kwangu, na kuna mtu anayedai kuwa ni mjomba wao

Mama Vitenge (Nsambya, Kampala)

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni Mkongomani, ninaishi Kampala tangu mwaka 2013, nauza vitenge na nina watoto wangu watatu. Siku 11 zilizopita jirani yangu, ambaye ni dereva wa boda boda, alinibishia mlango saa tatu za usiku akiwa na watoto wawili aliowakuta pale yanaposhukia mabasi ya Kisoro. Walikuwa wameketi juu ya mfuko wao wa nguo, na aliposikia wanazungumza Kiswahili cha kwetu aliona heri awalete kwangu kuliko kuwaacha walale nje.

Mvulana anasema ana miaka 14. Dada yake ana sita au saba. Kwa maelezo yake walifika Bunagana pamoja na mama yao, watu walikuwa wengi wakisukumana, wakavuka mpaka, na walipogeuka hawakumwona tena. Kesho yake mwanamke wasiyemjua aliwapandisha basi akiwaambia kwamba Wakongomani wengi wako Kampala na mama yao atafuata. Tangu waje kwangu mvulana hagusi chakula mpaka dada yake ashibe. Msichana hasemi neno, anakojoa kitandani, na mlango ukigongwa hukimbilia nyuma ya madumu ya maji.

Juzi alikuja mwanamume anayejiita ndugu wa mama yao. Anataka kuwachukua: msichana akae na mke wake, na mvulana apelekwe kwa mtu mwema atakayempa kazi ng'ambo ya mpaka wa Busia, huko Kenya. Mvulana alimtazama, akainamisha kichwa. Nilimwomba yule mtu arudi Jumamosi, kwa sababu sikujua la kusema. Rafiki yangu wa kanisani naye ananishauri niwaandikishe kwenye karatasi yangu ya familia ya ukimbizi kama watoto niliowazaa, mambo yaishe. Naogopa nikitoa taarifa watatenganishwa, au watapakiwa kwenye gari la kambini, au nitaulizwa kwa nini nimekaa nao siku zote hizi. Nifanye nini?

Kaka wa Katwe

Dada, pole kwa mzigo. Mimi ningekubaliana na huyo rafiki yako. Foleni za ofisini unazijua, unakwenda alfajiri na kurudi jioni ukiwa na tarehe nyingine mkononi. Ukiwaandika kama wako watapata karatasi pamoja na wanao, wataingia shuleni, na hakuna atakayewasumbua. Mtoto wa mwenzako ni wako, ndivyo tulivyolelewa.

Mwalimu wa Kyaka

Kaka wa Katwe, nakuheshimu, na nia yako ni njema, lakini hapo sitakubaliana nawe, kwa sababu nimeyaona matokeo yake kwa macho yangu. Hapa Kyaka II, kwenye makazi ya wakimbizi, kulikuwa na mama mmoja, jirani yetu, aliyemwokota msichana wa miaka mitano safarini mwaka 2012, akamwandikisha kama bintiye, kwa jina la ukoo wake mwenyewe na umri uliopunguzwa ili ulingane na mpangilio wa wanawe. Alimpenda kweli, nami sina neno juu ya malezi yake. Kumbe mama mzazi alikuwa hai, yuko Nakivale, makazi mengine ya wakimbizi, na alikwisha kuomba bintiye atafutwe. Alimtafuta kwa jina ambalo halikuwapo tena kwenye karatasi yoyote. Walikutana baada ya miaka mitano, kwa bahati tu, msibani, mtu alipolitambua kovu la mtoto. Wakati huo binti alikuwa amesahau Kihunde, na mama yake hajui lugha nyingine.

Tena kuna jambo ambalo watu hawalifikirii mapema. Siku familia inapohojiwa kwa ajili ya kuhamishiwa nchi nyingine, kila mtu huulizwa peke yake, na uongo mdogo wa mwaka ule huonekana kama udanganyifu wa familia nzima. Dada, walee kama wanao, wapikie ugali na maharage kama wanao, lakini kwenye karatasi waache wawe watoto wa mama yao.

Mstaafu wa Ustawi wa Jamii

Nilifanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka mingi, nami nitajibu kwa mpangilio wa hatari na si kwa mpangilio wa maswali yako.

Hatari ya kwanza ni huyo mwanamume. Huenda ni mjomba kweli; wajomba pia hutafuta watoto wao, na katika vurugu za mpakani habari hupita kinywa kwa kinywa. Hata hivyo si wewe wa kuamua, wala si yeye. Mtu anayesema wazi kwamba mtoto wa miaka 14 atavushwa mpaka kwenda kufanya kazi amekwisha kukupa sababu ya kutosha ya kutoa taarifa leo. Sheria ya Uganda ya mwaka 2009 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu haihitaji mtoto awe amelazimishwa au kudanganywa: kumchukua au kumsafirisha mtoto kwa ajili ya kumtumikisha ni kosa, hata kama mtoto mwenyewe amekubali.

Nenda kwa uongozi wa LC1, yaani baraza la serikali la ngazi ya chini kabisa, la mtaa wako. Watu wengi humtafuta mwenyekiti, na akikosekana hurudi nyumbani, ilhali makamu wake ndiye katibu wa mambo ya watoto na hii ni kazi yake hasa. Piga pia 116, simu ya watoto iitwayo Sauti, ambayo hailipiwi. Kisha, kwa kuwa yule mtu ameahidi kurudi, toa taarifa kwenye dawati la polisi linaloshughulikia watoto na familia. Sheria ya Watoto inamtaka mwanajamii anayeona haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa serikali ya mtaa, kwa hiyo usijione mshitakiwa: anayewapa watoto mahali pa kulala na kutoa taarifa anatimiza wajibu wake. Siku 11 zinaelezeka. Miezi 11 ingekuwa vigumu kuieleza.

Baada ya hapo watoto waandikishwe kwa Ofisi ya Waziri Mkuu, idara ya wakimbizi, kila mmoja kwa jina lake. Sema bayana kwamba wewe si ndugu yao. Mtoto aliyetengana na wazazi lakini yuko na shangazi au babu huandikwa tofauti na mtoto asiye na ndugu yeyote mtu mzima, na ufuatiliaji wao hutofautiana. Hawa wako kundi la pili mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mfanyakazi wa ulinzi wa watoto atazungumza nao na kutathmini lililo bora kwao: wabaki kwako chini ya usimamizi, waende kwa familia ya kuwalea kwenye makazi ya wakimbizi, au ndugu yao akithibitika wakabidhiwe kwake. Kanuni ni kwamba ndugu wa tumbo moja hawatenganishwi, isipokuwa kuna sababu nzito inayowahusu wao wenyewe. Ninyi mnaoogopa kambi mnapaswa kujua kwamba sheria haimlazimishi kila mkimbizi kuishi huko, lakini anayekaa Kampala kwa kawaida hujitegemea, na huduma nyingi ziko makazini. Hata huko chakula kimepungua sana tangu mgao ulipopangwa upya mwaka 2023, kwa hiyo lipime pia hilo kabla ya kudhani kwamba kwingine kuna shibe.

Mama Vitenge

Asante, mzee wangu. Nimekuelewa kuhusu LC. Sasa akija Jumamosi kabla sijapata jibu la ofisi yoyote, nimwambie nini? Tena nimefikiria kutuma picha ya watoto kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakongomani, labda mama yao ataiona.

Mstaafu wa Ustawi wa Jamii

Picha usiitume, tafadhali. Picha hiyo itamfikia mama yao kwa bahati na mtu mbaya kwa hakika, na akishaipata pamoja na jina la mtaa wenu atakuja na hadithi iliyokamilika. Kazi ya kutafuta wazazi inafanywa bure na Msalaba Mwekundu wa Uganda, kwa ushirikiano na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na wenzao walioko Kongo. Wao hawampi anayetafuta anwani ya anayetafutwa bila ridhaa, na hiyo ndiyo tofauti kati yao na kundi la WhatsApp.

Kuhusu Jumamosi, usigombane naye wala usimwite mwongo. Mwambie kwa upole kwamba watoto wamekwisha kuripotiwa na kwamba ndugu anayewadai anakaribishwa ofisini alete anachojua. Mkutane mahali penye watu, makamu wa LC1 awepo, watoto wasiwepo. Usimdokeze jina la kijiji, la mama wala la msichana. Maafisa watamuuliza yeye peke yake na mvulana peke yake: bibi anaitwa nani, nyumba ilitazama wapi, nani alifariki katika familia. Mjomba wa kweli hukasirika kidogo, kisha huenda. Nimewaona wengi.

Dada Muuguzi (Makindye)

Niongeze upande wa mtoto asiyesema. Usimlazimishe kuzungumza, wala usimwombe mvulana asimulie upya kila mgeni anapokuja kutoa pole. Kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekuwa amekwisha kuacha ni jambo tunaloliona sana baada ya hofu kubwa. Mbadilishie shuka kimya kimya, asichekwe na wanao, wala asinyimwe maji ya jioni kama adhabu. Kinachomsaidia ni siku zinazofanana: saa ileile ya kuoga, ya kula, ya kulala, na taa ndogo ikibaki inawaka ukiweza. Kabla hujafungua mlango, mwambie ni nani anayebisha. Mpe mkaa na kipande cha boksi achore, mwache acheze na wanao bila kumwita kila mara kumuuliza kama yuko sawa.

Usimwahidi kwamba mama atakuja kesho. Mwambie kwamba watu wanamtafuta mama, kwamba leo atalala hapa, na kwamba kaka yake yupo. Wiki zikipita bila nafuu, au akikataa kula, au akijidhuru, mpelekeni kituo cha afya, na umweleze pia mfanyakazi wa ulinzi wa watoto ili apate mshauri anayejua Kiswahili au lugha ya nyumbani kwao. Na wewe mwenyewe ulale, mama. Nakuona unaandika saa nane za usiku.

Kijana wa Rwamwanja

Nimesoma yote na nimeona kwamba mvulana hajaulizwa. Naomba mnisikilize kidogo, kwa sababu nilikuwa yeye. Nilivuka Bunagana mwaka 2012, wakati wa vita vya kwanza vya waasi wa M23, nikiwa na miaka 13 na mdogo wangu mgongoni. Tulipitia kituo cha muda cha Nyakabande, kisha tukapelekwa Rwamwanja, makazi yaliyokuwa yamefunguliwa upya mwaka ule ule, tukapewa mama wa kutulea kutoka jamii yetu. Watu wazima walikuwa wema, lakini walizungumza juu yetu tukiwa tumekaa hapo hapo kama viti. Mimi nilijua mambo mengi ambayo hakuna aliyeniuliza, na mengine niliyaficha kwa sababu niliamini kwamba mama alipotea kwa kosa langu. Mimi ndiye niliyeachia mkono.

Huyo mvulana aliinamisha kichwa alipomwona yule mtu. Huenda anamjua na kumwogopa, huenda hamjui, huenda anamjua na anaona haya kumkataa mtu mzima. Mtafutie wakati mkiwa wawili tu, pengine mkiwa mnakunja vitenge, si ana kwa ana kama polisi, umwambie kwanza kwamba kupotezana pale mpakani si kosa lake. Ndipo umuulize angependa nini. Na mpunguzie ubaba: mwambie kwamba usiku utamwangalia dada yake wewe, yeye alale.

Kaka wa Katwe

Nimeyasoma na ninarudisha neno langu kuhusu karatasi. Dada, Jumamosi mimi na mke wangu tunaweza kuwachukua watoto wote watano kwetu mpaka kikao kiishe.

Mama Vitenge

Ndugu zangu, narudi na habari. Makamu wa LC1 ni mama mtu mzima, alinisikiliza mpaka mwisho na kuandika kwenye daftari lake. Nilipiga 116, nikafika na polisi, na siku ya kuandikishwa nimeipata. Jumamosi yule mwanamume hakuja. Alimtuma kijana kuuliza kama watoto bado wako, makamu akamjibu yeye mwenyewe, na jina la aliyemtuma sasa liko kwenye daftari. Kaka wa Katwe, Mungu awabariki kwa siku ile.

Nilizungumza na mvulana tukikunja vitenge, kama nilivyoelekezwa. Anamjua yule mtu. Si mjomba, alikuwa akinunua maharage kwa mama yao na kuyapeleka Goma, na kuna deni kati yao ambalo mtoto halielewi vizuri. Haya nimeyarudisha polisi. Msichana bado hasemi, ila amehama kutoka nyuma ya madumu.

Swali langu la mwisho. Tumejaza fomu ya Msalaba Mwekundu kwa jina la ubatizo la mama yao, kijiji, na kwamba ni upande wa Bwisha, huko Rutshuru. Jana usiku mvulana akaniambia kwamba sokoni hakuna anayemjua mama kwa jina hilo, kwani watu humwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza aliyefariki, na yeye alidhani kwenye karatasi ya serikali hairuhusiwi kuandika jina la marehemu. Je, lina maana?

Mstaafu wa Ustawi wa Jamii

Lina maana kuliko hilo la ubatizo. Wanaotafuta huuliza sokoni, kanisani na kwenye mistari ya wanaosubiri maji, na huko watu hujibu kwa jina wanaloitana kila siku. Rudi nalo, liongezwe kwenye fomu ileile, usijaze mpya, na mvulana alitamke mwenyewe ili liandikwe sawasawa. Waeleze pia habari ya biashara ya maharage na kwamba mama alizoea kuuzia wanunuzi wa Goma. Omba namba ya fomu na uiandike mahali pawili.

Mama Vitenge

Tunakwenda Jumatatu asubuhi, yeye na mimi. Ameomba avae shati la mwanangu mkubwa.