Kutafuta asili ya mama wa bibi yangu, mjane wa askari wa KAR, Songea

Mjukuu wa Songea

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Ninatafuta asili ya mama mzazi wa bibi yangu, aliyeolewa Songea mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuachwa mjane wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mumewe alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), na nyumbani husimuliwa kwamba alipotelea baharini akienda kupigana na Wajapani, kisha mjane akaitwa bomani kupewa habari ya kifo pamoja na fedha kidogo. Baada ya msiba, mdogo wa marehemu alitakiwa kumrithi. Mjane akakataa, akamwacha bibi yangu mikononi mwa ukoo wa baba na kurudi kwao, ambako inasemekana alibatizwa na kuolewa tena upande wa Peramiho. Ukoo wa mumewe humtaja kwa jina la mtoto tu, mama wa fulani, na tulichobaki nacho ni nishani moja isiyo na maandishi ya jina. Ningependa kujua baba yake alikuwa nani na kama alizaa watoto wengine. Nianzie wapi?

Karani Mstaafu

Mjukuu wangu, anzia kwa mume, kwa sababu serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya kumwandika mke wa askari isipokuwa pale ilipokuwa na fedha ya kumlipa. Nishani isikuvunje moyo: zile za Vita ya Pili zilizotolewa na Waingereza kwa kawaida hazikuchongwa jina, tofauti na za Vita ya Kwanza. Tazama utepe wake kama bado upo. Ukiwa na rangi ya mchanga na mstari mpana mwekundu katikati, hiyo ni Nyota ya Afrika, nayo walipewa waliopigana Uhabeshi na Somalia, kwa hiyo utajua alikuwa jeshini kabla ya safari ya kwenda Asia.

Kuhusu bahari, maelezo ya nyumbani kwenu yanaweza kuwa ya kweli kabisa. Meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 karibu na visiwa vya Maldivi; walikufa watu wapatao 1,300, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Hao wanakumbukwa kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Hata hivyo usijifunge hapo, maana mtu aliyevuka bahari asirudi huweza kusemwa amepotelea baharini hata kama alifia nchi kavu. Vikosi vya 26 na 36 vya KAR, vyote vya Tanganyika, vilipigana Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na waliokufa huko bila kaburi kujulikana wameandikwa kwenye mnara wa Taukkyan, karibu na Yangon.

Orodha zote mbili zimo katika kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambazo husomwa bure mtandaoni. Usitafute kwa jina pekee, kwani karani aliandika alivyosikia, akabadilisha l kuwa r na kuligeuza jina la baba kuwa la ukoo. Tafuta kwa kikosi, tarehe ya kifo na neno Songea. Baadhi ya maingizo hutaja mzazi au mke wa marehemu na mahali walipoishi. Na mtu akikuomba ada ili akufuatilie mafao ya babu, mwache aende zake.

Binti wa Parokia

Ninakubaliana na Mzee kuhusu mume, lakini kwa mjane mwenyewe mimi ningetegemea zaidi vitabu vya kanisa. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walifika Peramiho mwaka 1898, na daftari la ubatizo la Kikatoliki huandika majina ya wazazi hata wasipokuwa Wakristo, jambo ambalo ndilo hasa unalolitafuta. Zaidi ya hapo, pembezoni mwa ingizo la ubatizo huandikwa ndoa iliyofuata, kwa hiyo ukurasa mmoja waweza kukupa baba yake na mume wa pili kwa pamoja. Mjane hakuruhusiwa kufunga ndoa kanisani bila uthibitisho kwamba mume wa kwanza amekufa. Uliza kama jalada la ndoa limehifadhiwa, kwa kuwa huenda barua ya bomani imo ndani yake. Nenda na barua ya utambulisho kutoka parokia yako, na utafute neno *vidua*, yaani mjane, kwani vitabu vya wakati ule viliandikwa kwa Kilatini.

Mjukuu wa Songea

Shikamoo Mzee, nawe dada ahsante. Utepe upo, na rangi ni hizo hizo. Je, inawezekana kwamba alikataa kurithiwa kwa sababu ya dini, ingawa hakuwa amebatizwa bado?

Binti wa Parokia

Inawezekana, hasa kama alikuwa ameanza mafundisho. Sheria ya Kanisa ya wakati ule ilizuia ndoa na ndugu wa marehemu mume bila kibali maalumu, kwa hiyo mwanamke aliyekusudia kubatizwa angeweza kuona ana sababu nzito ya kuondoka. Lakini sababu yaweza pia kuwa kwamba hakumpenda shemeji yake, na hilo daftari halitakuambia. Waulize wazee wa kike wa upande wa kuzaliwa kwake utakapoujua, kwa maana ukoo wa mume husimulia habari ya mjane aliyewakataa kwa namna inayowafaa wao. Kuhusu watoto wa ndoa ya pili, pitia ubatizo wa miaka ya 1945 hadi 1955 ukifuatilia safu ya jina la mama, si la baba.